JUU YA RWENZORI: SIKU KAMERA ILIPOKATAA KAZI

Mgeni aingiaye Kasese kwa mara ya kwanza aweza kukaa siku tatu asiuone mlima. Upande wa magharibi ataona vilima vya kijani vilivyopangana, na juu yake mawingu mazito yasiyoondoka. Naye akiuliza Rwenzori uko wapi, ataonyeshwa mawingu hayo hayo. Kisha itatokea asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, pazia litafunguka kwa muda wa saa moja au mbili. Hapo ndipo atakapotambua kwamba vile alivyovidhania kuwa mlima vilikuwa vidato vya ngazi tu, na kwamba mlima wenyewe umesimama nyuma yake, juu kabisa, mweusi wa mawe, umejifunga kitambaa cheupe kichwani. Ifikapo saa nne mawingu hurudi, na aliyechelewa kuamka husimuliwa tu.

Kwa ajili ya muda huo mfupi wa asubuhi nilisafiri hadi Kasese mwezi wa Januari mwaka 2024, nikiwa na kamera mpya ya dijitali, lenzi mbili, betri mbili na kadi mbili za kumbukumbu. Nilikusudia kuipiga picha kutoka angani ile barafu iliyosalia juu ya Rwenzori. Nilidhani kwamba kazi ngumu ni kupata ndege na vibali, na kwamba vikisha kupatikana, kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Nilijidanganya, na jinsi nilivyojidanganya ndiyo habari ninayotaka kumsimulia msomaji leo.

MLIMA NA BARAFU YAKE

Rwenzori si kilele kimoja kilichosimama peke yake kama Kilimanjaro. Ni safu ndefu, kiasi cha kilomita 120, ambayo sehemu yake iko Uganda na sehemu iko Kongo, nayo ina milima mikubwa sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mrefu kuliko yote ni Stanley, na kilele chake kiitwacho Margherita kina meta 5,109. Mpaka wa nchi hizi mbili hupita juu ya mlima huo. Wala safu hii haikuzaliwa kwa moto wa volkano. Ni mwamba wa kale mno ulioinuliwa na nguvu za ardhi pale Bonde la Ufa lilipopasuka.

Wakonzo wakaao mitelemkoni mwake huiita theluji nzururu, na wazee wao waliamini kwamba huko juu katika weupe ule ndiko aliko Kitasamba, mwenye mlima. Watu hawakuwa wakipanda huko ovyo. Barafu ilikuwa jambo la kutazamwa kwa mbali na kwa heshima.

Mwaka 1906 alikuja mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, akapanda vilele vikuu vya safu hii; tarehe 18 Juni ya mwaka huo alikanyaga Margherita. Katika msafara wake alikuwamo mpiga picha hodari, Vittorio Sella, aliyezaliwa mwaka 1859. Siku hizo hapakuwa na kadi wala betri. Picha zilipigwa juu ya vioo, na vioo hivyo vilibebwa na wanadamu kupita misitu, matope yafikayo magotini na mawe yenye utelezi. Sella aliwekewa mawingu yale yale tunayowekewa sisi. Ilimbidi akae, angoje, na akipata nafasi apige mara moja kwa uangalifu. Lakini picha zake zipo hadi leo, na zimekuwa ushahidi ambao hakuna mtu awezaye kuukana. Ukizilinganisha na picha za sasa, waona barafu imepanda mlima ikikimbia kama mtu aliyefuatwa na mafuriko.

Hesabu za wataalamu zinasema vivyo hivyo. Inakadiriwa kwamba mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika kilomita za mraba zipatazo sita na nusu. Kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilomita moja ya mraba. Barafu ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilitoweka katika karne iliyopita. Iliyosalia sasa iko hasa juu ya Mlima Stanley.

Yafaa nieleze hapa jambo moja ili mtu asitiwe hofu bure. Mito ya Mubuku na Nyamwamba haitakauka siku barafu itakapokwisha. Waliopima maji ya Mubuku wameonyesha kwamba karibu yote hutokana na mvua na mabwawa ya milimani, na kwamba sehemu ya barafu ni ndogo sana. Watu wa Kilembe hawana haja ya kufundishwa nguvu ya mvua. Waliiona tarehe 1 Mei mwaka 2013, Nyamwamba ulipofurika na kuchukua nyumba, madaraja na roho za watu. Kinachokwisha pamoja na barafu ni kitu kingine: ni kile kilichowafanya mababu wauite mlima huu kwa jina lake. Kitu cha namna hiyo kisipopigwa picha wakati kipo, wajukuu watasema wazee walikuwa wakiota.

ABIRIA WATATU

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini moja, ya kukodi. Rubani alikuwa mtu wa maneno machache aliyeujua mlima ule kama dereva ajuavyo mashimo ya barabara yake. Mimi nilikaa mbele, upande wa kulia. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja Mkonzo, aliyepita umri wa miaka sabini, ambaye katika ujana wake alibeba mizigo ya wapanda mlima na baadaye akawa askari wa hifadhi hadi alipostaafu.

Mzee huyu nilimwomba anifuatane ili anitajie majina ya mahali. Alikubali, ila naye akatoa sharti lake. Alisema kwamba alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane alifika kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha Elena, chini ya Mlima Stanley, akatoka nje asubuhi, akaikuta barafu karibu kabisa, hata akaogopa kuikanyaga. Sasa wajukuu wake wawili wanafanya kazi ile ile ya kubeba mizigo, nao humwambia kwamba kutoka kibandani mtu hutembea juu ya mawe matupu kitambo kirefu kabla ya kuigusa. Kila akiwaeleza alivyoiona yeye, hutabasamu kwa adabu.

“Magoti yangu yamenikataza kupanda,” alisema. “Nipigie picha ya barafu ya Elena, mwanangu, hii iliyobaki. Nitaiweka ukutani, nami nitawaonyesha kwa kidole ilikuwa ikifika wapi.”

Nilimwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi kinywani.

Kabla ya kuondoka rubani alitupa masharti matatu. La kwanza, hatutavuka kilele, kwa kuwa ng'ambo yake ni nchi nyingine. La pili, mawingu yakianza kujenga, tunarudi bila mjadala. La tatu, tukipita futi 12,000 kila mtu atavaa mpira wa oksijeni puani, na hatauvua mpaka atakapoambiwa. “Huko juu hewa ni nyembamba,” alisema. “Mtu asiyevaa hahisi maumivu. Hujiona yu mzima kabisa, huku akili inazimika polepole kama taa iliyoishiwa mafuta.” Mzee aliitika kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuteremsha watu wengi wa namna hiyo mgongoni.

KUPANDA NGAZI YA HEWA

Tuliruka saa moja na robo asubuhi. Ndege haiwezi kuukabili ukuta wa Rwenzori moja kwa moja. Hupanda kwa kuzunguka juu ya tambarare kama kipanga, mpaka ipate kimo. Nyuma yetu Ziwa George lilikuwa linameta kama sahani ya bati. Chini tuliona paa za Kasese, njia ya reli ambayo garimoshi lake la kwanza lilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mashamba ya kahawa yaliyopandishwa mtelemkoni mpaka mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Kisha tukaufuata mwelekeo wa bonde la Mubuku. Msafiri wa miguu hutumia siku kadhaa kupita yale tuliyoyapita kwa robo saa. Mashamba yalikoma ghafla, kana kwamba yamekatwa kwa kisu, ukaanza msitu wa hifadhi. Baada ya msitu ilikuja mianzi, yenye rangi ya majani mabichi ya mgomba. Kisha ikaja miti iliyovaa ndevu za kijivu, na mabonde yenye mimea ile ya ajabu ya huko, lobelia na jamaa zake, ambayo mahali pengine ni majani ya kukanyagwa, na hapa husimama kupita kimo cha mtu. Maji yalikuwa meusi na kimya katika ziwa dogo la Bujuku. Juu ya hayo yote kulikuwa na mawe. Na juu ya mawe, katika jua la asubuhi, ilikuwako ile barafu, nyeupe na yenye nyufa za samawati.

Mzee hakusema neno. Nilipogeuka nilimwona ameshika kiti changu kwa mikono miwili.

HITILAFU YA KWANZA HATA YA TATU

Kichekesho kilikuja kwanza. Mzee alitoa simu yake ili aupige mlima kupitia kioo cha mbele, akanionyesha picha aliyoipata kwa mshangao: rafadha ya ndege, yaani ile propela, ilikuwa imepinda kama mundu, na vipande vyake vingine vimekatika na kuelea hewani peke yake. Alihofu kwamba ndege imevunjika. Rubani alicheka, akaeleza kwamba si ndege iliyo mbovu. Jicho la simu haliioni picha nzima kwa mara moja. Huisoma mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wakati linaposoma mstari wa mwisho, rafadha imekwisha kuzunguka na kuwa mahali pengine. Ndiyo maana kitu kinyofu huonekana kimepinda.

Kicheko changu hakikudumu. Tulipogeuka kuelekea kusini, mlima ukawa upande wangu wa kulia, nikafungua dirisha. Dirisha la ndege kama ile hufunguka kwa kuinuka, na upepo wenyewe hulishikilia chini ya bawa. Baridi iliingia kama maji. Nikainua kamera, nikailenga barafu, nikabonyeza kitufe, kamera haikupiga. Lenzi ilikwenda mbele ikarudi nyuma, ikalia, ikaenda tena, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Kamera hutafuta umbali kwa kutazama mahali ambapo cheusi hukutana na cheupe. Ukiielekeza kwenye theluji tupu au wingu tupu, haina cha kushika. Dawa ni kuiondolea kazi hiyo: kuiweka lenzi kwa mkono kwenye umbali wa mbali kabisa, na kuifunga hapo kwa kipande cha plasta isisogee. Kutoka angani kila kitu kiko mbali. Hakuna haja ya kutafuta.

Nilipoielekeza pale mwamba ulipokutana na barafu, ilikubali. Nikapiga picha nyingi. Lakini kwa kuwa upepo ulikuwa unanisukuma mkono, niliuegemeza kiwiko juu ya ukingo wa dirisha ili nitulie. Hilo lilikuwa kosa la pili. Mwili wa ndege hutetemeka wakati wote kwa sababu ya injini, na mtetemo huo ulipita kiwikoni, ukaingia katika kamera. Picha zote za duru ile ya kwanza, nilipozitazama baadaye zikiwa kubwa, zilikuwa na ukungu mwembamba, kana kwamba mlima unatikisika kwa baridi. Mpiga picha wa angani yampasa auachie mwili wake uwe kama springi, mikono isiguse ndege, na kilango cha kamera kifunguke kwa muda mfupi sana, sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu.

Kisha, bila kuaga, kamera ikazimika. Alama ya betri ilikuwa imeonyesha zaidi ya nusu dakika chache tu kabla. Tulikuwa karibu futi 16,000, yaani kiasi cha meta 4,900, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa chini ya kiwango cha kuganda. Betri hufanya kazi kwa mwendo wa kemikali ndani yake, na baridi huupunguza mwendo huo. Umeme umo, ila hautoki kwa wepesi, na kamera hudhani umekwisha. Rubani alinishauri niitie ile betri ndani ya shati, karibu na ngozi, na nichukue ya pili. Kweli, jioni ile betri iliyokufa ilifufuka yenyewe ikiwa na nusu ya nguvu zake.

KOSA LISILO LA KAMERA

Hapo tulikuwa tumegeuka, tumezunguka, na tunakuja tena kutoka kaskazini. Rubani alisema ni duru ya mwisho. Mawingu yalikuwa yameanza kutambaa kutoka bondeni. Mzee aliinama akanionyesha kwa kidole. “Elena,” alisema. “Pale.”

Sasa ninakiri jambo ambalo nililificha kwa siku nyingi. Ule mpira wa oksijeni ulikuwa ukinisumbua. Kila nilipoweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia, kamera iliusukuma ukanichoma puani. Nilipokuwa nikibadilisha betri nilikuwa nimeuvua, nikausukuma chini ya kidevu. Nilijiona mzima, tena mwenye furaha isiyo na sababu.

Nilipiga barafu ya Elena kwa mfululizo, kitufe kikiwa kimebanwa, picha nyingi kwa sekunde moja. Kisha kamera ikakataa kupiga. Taa ndogo nyekundu ikawa inapepesa. Mtu mwenye akili timamu angejua maana ya taa ile, kwa kuwa imeandikwa katika kitabu cha maelezo nilichokisoma usiku wa jana yake: kamera inaandika, ngoja. Lakini mimi niliona kamera imekwama tena, nikaghadhibika, nikasema kadi ni mbovu. Nikafungua kifuniko, nikaichomoa kadi huku taa ingali inapepesa. Nikaipuliza, sijui kwa nini, nikairudisha.

Kioo cha nyuma kikaandika kwamba kadi haisomeki. Chini yake likaja swali: je, kadi iandaliwe upya? Palikuwa na neno ndiyo na neno hapana. Nami niliona ndiyo ni jibu zuri. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Mkono mzito uliniangukia begani. Mzee hakuwa anaitazama kamera. Mambo ya kadi hakuyajua. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

“Mwanangu,” alisema kwa sauti ya kuamuru ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “kucha zako zimegeuka rangi. Usiguse kitu. Vaa hewa kwanza, kisha ufikiri.”

Nilimtii kwa desturi ya kumtii mkubwa, si kwa kuelewa. Nilivaa. Nikavuta pumzi mara kadhaa. Haikupita muda mrefu, ulimwengu ukarudi mahali pake kama picha iliyokuwa haijalengwa. Nikaliona swali lile kwenye kioo na moyo ukanipasuka. Nikazima kamera, nikaichomoa kadi taratibu, nikaifunga katika bahasha. Nilipoitia kadi ya pili na kuinua macho, Elena haikuonekana. Palikuwa na wingu, kubwa, jeupe, limekaa kama mwenye nyumba.

“Mlango umefungwa,” rubani alisema, akaiinamisha ndege kuelekea tambarare.

BOHARI NA DAFTARI LAKE

Hata kutua kulikuwa na funzo lake. Niliishuka ndege nikiwa na kamera shingoni ili nimpige mzee na rubani picha ya kumbukumbu, nikakuta lenzi imefunikwa na umande ndani na nje. Kitu kilichopoa kikiingia katika joto na unyevu hutokwa na maji, kama chupa ya soda iliyotolewa katika friji. Ilinipasa kuifunga kamera katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kushuka, na kuiacha humo mpaka ipate joto la mahali. Mimi niliifuta kwa shati, nikaongeza uchafu juu ya maji.

Siku ile ile nilimpelekea kadi binti mmoja afanyaye kazi ya ufundi wa kompyuta mjini. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimeiandaa upya au nimepiga picha nyingine juu yake. Nilipomjibu hapana, alisema, “Basi tunaweza kujaribu.” Maelezo aliyonipa nayaandika hapa kwa lugha ya askari, kwa kuwa ndiyo iliyonisaidia kuelewa.

Kadi ya kumbukumbu ni kama bohari ya kikosi. Picha ni mali iliyowekwa rafuni, na mlangoni kuna daftari linaloeleza kila kitu kiko rafu gani. Kamera hupokea picha kwanza mikononi mwake, kisha huzibeba moja moja hadi rafuni, na mwisho huandika daftari. Ukichomoa kadi katikati ya kazi hiyo, ni kama kumpokonya mtunza bohari kalamu. Mali iliyokwisha kuwekwa ipo, ila daftari limechanika na hakuna ajuaye iliko. Mali iliyokuwa bado mikononi imeanguka njiani. Nayo kamera inapouliza kama kadi iandaliwe upya, maana yake inataka kufungua daftari jipya lenye kurasa tupu. Mara nyingi mali ya zamani huwa haijaondoka hata hapo, lakini kila kitu kipya kitawekwa juu yake na kuiponda.

Binti alitumia programu inayopita rafu kwa rafu bila kutegemea daftari. Ilichukua saa nyingi. Kati ya picha karibu mia mbili, zilipatikana mia moja na sitini na kitu, nyingi zikiwa zile zilizotetemeka. Za Elena, ambazo ndizo zilizokuwa mikononi mwa kamera nilipoichomoa kadi, zilikuwa zimekwenda, ila moja. Na hiyo moja ilikuwa nusu. Sehemu ya juu ilikuwa safi kabisa. Kutoka katikati kwenda chini palikuwa na rangi ya kijivu tupu, kama ukuta uliopakwa chokaa chafu.

MANENO KWA WENYE KAMERA NYUMBANI

Huenda msomaji akasema kwamba yeye hana ndege, na kwamba Rwenzori anauona barabarani tu. Lakini karibu kila nyumba siku hizi ina simu au kamera, na ndani yake zimo picha za harusi, za mtoto alipobatizwa au kupewa jina, za baba akiwa na sare kabla ya kwenda kazini mbali. Hitilafu zilizonipata angani huwapata watu hata sebuleni. Kwa hiyo nayaweka hapa machache:

Taa ya kamera ikipepesa, ngoja. Usifungue kifuniko, usichomoe kadi, usitoe betri.

Kadi ikisema haisomeki, usikubali iandaliwe upya na usipige picha nyingine juu yake. Iweke kando, umpelekee fundi.

Picha unayoithamini isikae mahali pamoja. Iwe na nakala mbili, tena katika vitu viwili tofauti, na kimoja kisikae nyumba ile ile. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi nayo ni nakala, wala haihitaji betri.

Kwenye baridi ya milima, weka betri ya akiba mfukoni karibu na mwili. Ukitoka baridini kuingia kwenye joto, funga kamera katika mfuko kwanza.

Na la mwisho, ambalo halimo katika kitabu cha kamera yoyote: mtu aliyechoka, mwenye njaa, mwenye ghadhabu au aliyekosa hewa asifanye uamuzi usioweza kutenduliwa. Askari hufundishwa kuitazama silaha yake kabla ya kazi. Mimi niliitazama kamera usiku kucha, nikasahau kujitazama mwenyewe.

NUSU YA PICHA

Nilirudi kwa mzee baada ya juma moja, nikiwa nimeichapisha ile nusu ya picha kwenye karatasi kubwa. Njiani nilitunga maneno ya kulaumu baridi, betri, kadi na waliotengeneza kamera. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa zima, ila picha ya mkuu ndiyo iliyovunjika. Nilipofika mlangoni maneno yale yaliniona haya yakaondoka. Nikamweleza kwamba kamera haikukosa, na kwamba niliuvua mpira wa hewa kinyume cha agizo.

“Nilijua,” alisema. “Ulikuwa unacheka peke yako.”

Aliichukua picha, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Wajukuu wake walikuja wakasimama nyuma yake. Juu palionekana mwamba na ulimi wa barafu ya Elena, wenye nyufa zake, wazi kabisa. Chini yake palikuwa na ule ukijivu. Niliomba radhi kwa ajili ya sehemu iliyoharibika, nikasema nitarudi mlimani siku nyingine mawingu yakiruhusu.

Mzee aliuweka ukucha wake pale ambapo picha ilikatika, akauteremsha polepole katika ile sehemu tupu, hadi karibu na ukingo wa karatasi.

“Ilikuwa ikifika hapa,” aliwaambia wajukuu wake.

Hakuna aliyetabasamu. Mkubwa wao alileta nyundo na msumari.